Thamani ya Loïc Bolduc

Jina la Loïc Bolduc halikuwamo. Gaétan Pomerleau aliisoma orodha ya gazeti kwa sauti kutoka juu mpaka chini, kisha akaisoma tena kutoka chini mpaka juu, kana kwamba jina lingejitokeza likiviziwa kwa mlango wa nyuma. Kila Januari gazeti la Montreal liliwapanga vijana wa ile timu kubwa ya hoki ya barafuni: nani atakuja kuwa nyota, nani auzwe mapema kabla bei yake haijaanguka, nani aachwe aende zake. Mwaka uliotangulia Loïc alikuwa wa nne.

"Labda wamemsahau," alisema Pierrette, mwenye mgahawa, huku akimimina kahawa.

"Hao hawasahau," Gaétan akajibu. "Kazi yao ni kukumbuka. Wamemtoa."

Wanaume waliokuwa mezani wakageuka kumtazama Léandre Bolduc, baba mtu. Léandre alikuwa ameshika uma, na mayai yake yalikuwa yanapoa. Alifanya kazi zamu ya mchana katika kiwanda cha kupasua mbao, na kila asubuhi kabla ya zamu alipita hapo. Rapide-Noir ni mji wa kiwanda kimoja na kiwanja kimoja cha barafu. Mtoto wa mtu akitoka hapo akafika kulipwa mshahara kwa kucheza hoki, basi huwa mtoto wa mji mzima, na mji mzima una haki ya kumsema.

"Bado yuko kule timu yao ya daraja la pili," alisema Yvon, kinyozi, mtu mpole. "Mwacheni kijana. Ana miaka ishirini na mbili. Beki huiva polepole. Beki si nyanya."

"Beki akifika ishirini na mbili hajaiva, Yvon bwana, ujue ameshaoza." Gaétan akatoa simu yake mfukoni. Miaka mingi alikuwa dereva wa basi la shule, na Loïc alikuwa akikaa kiti cha nyuma yake, amekumbatia begi la vifaa vya hoki kubwa kuliko yeye. Alimpenda. Kwa sababu alimpenda aliona anaruhusiwa. "Tuseme ukweli. Kipaji anacho. Miguu anayo, macho anayo. Kilichokwisha ni moyo. Njooni muone hii ya Jumanne."

Vichwa vikakusanyika juu ya simu. Kwenye kioo, mchezaji wa timu pinzani alikuwa anakuja kwa kasi kando ya ukuta wa kiwanja, na Loïc alikuwa amesimama mahali hasa pa kumzuia. Badala ya kumgonga, alipindisha bega kidogo, akamwacha apite.

"Umeona? Umeona hapo? Karibu mgeni, pita ndani, viatu acha mlangoni!"

Meza ikaangua kicheko. Léandre naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu katikati ya sherehe na hataki kuharibu ngoma.

"Ungekuwa wewe mkubwa wa timu, ungemuuza?" mtu akauliza.

"Leo hii. Na fimbo yake ya kuchezea ningewapa nyongeza."

"Acha hizo, Gaétan," Pierrette akasema. "Baba yake yuko hapa."

"Baba yake ndiye anayejua kuliko sisi wote. Haya Baba Loïc, tuambie wewe. Tunamwonea?"

Léandre angeweza kusema kwamba mwanawe alikuwa na homa Jumanne ile. Angeweza kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kusimama mbele ya mtu wa kilo mia anayekuja kama lori lililokatika breki. Lakini watu wale walikuwa wanamtazama, na kwa miaka mitatu kiti chake kilikuwa ndicho kiti cha katikati ya meza, na sasa akahisi kwamba kiti kile kinaweza kusogezwa.

"Hapana, hammwonei," alisema. "Mnasema kweli. Tangu Novemba anaogopa."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Yvon akampigapiga mgongoni. Pierrette aliichukua ile sahani ya mayai ambayo hayakuliwa, akaenda nayo jikoni bila kumwuliza kama amemaliza.

*

Ghislaine Bolduc alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wazee. Simu ya mwanawe iliingia saa ya chakula cha mchana, kama kawaida yake tangu Novemba. Alikuwa akipiga saa ambayo baba yake yuko kiwandani.

"Mama, toka nje kidogo. Hizo mashine zinanipasua kichwa."

Akatoka na aproni yake hivyo hivyo mpaka kwenye kibaraza cha nyuma, kwenye baridi inayokausha pumzi puani.

"Nimeshatoka. Umelala?"

"Kidogo. Nimetundika blanketi dirishani. Jana nilitapika baada ya mazoezi, lakini hakuna aliyeniona."

"Loïc, mwambie daktari wa timu."

"Nimwambie nini? Kwamba kila kitu kinazunguka? Kwamba juzi nilisahau jina la ninayekaa naye chumba kimoja? Nitaandikwa, Mama. Nikishaandikwa nimekwisha. Mkataba wangu unaisha kiangazi hiki. Nani anakipa mkataba kichwa kibovu?"

"Basi niache nimwambie baba yako."

"Baba!" Akacheka kidogo, na kicheko kikamwuma, mama yake akasikia. "Ukimwambia Baba, itafika kwa Pierrette kabla kahawa haijapoa. Na ikifika kwa Pierrette, imefika Montreal. Niahidi."

Ghislaine alikuwa ameahidi Novemba, siku ile mwanawe aliposukumwa kwa nyuma akagonga paji la uso ukutani, akainuka akamaliza mchezo. Aliahidi tena Krismasi, mtoto alipokuja nyumbani akakaa sikukuu nzima amevaa miwani ya jua, akamwambia baba yake ni mtindo. Sasa, baridi ikimwingia kwenye vidole vilivyolowa, akaahidi mara ya tatu.

Jioni ile alipakua supu ya njegere na mkate. Walikula wawili, mmoja kila upande wa meza, kama abiria wasiojuana. Tangu mtoto aondoke walizoea kuzungumza kupitia yeye: atacheza lini, kacheza vipi, kapewa dakika ngapi. Siku isiyokuwa na habari zake haikuwa na maneno. Sasa Ghislaine alikuwa na habari ambazo hakuweza kuzisema, na aliyakwepa macho ya mumewe kwa kuutazama mkate.

"Wamemtoa kwenye orodha ya gazeti," alisema Léandre.

"Nimesikia. Hata vikongwe wa kule kazini wamesikia. Mmoja amenipa pole, nikadhani nimefiwa."

"Anahitaji mtu wa kumwambia ukweli. Nitampigia."

"Usimpigie leo."

"Kwa nini?"

Ghislaine akainuka, akakusanya bakuli ambazo hazijaisha supu. "Atakuwa amechoka."

"Amechoka na nini? Hagusi mtu!"

Akapiga. Ghislaine alikuwa amempa mgongo, kwenye sinki, maji yanatiririka. Aliyafunga ili asikie, kisha akatamani asingeyafunga.

"Umeona gazeti?" Léandre aliuliza. "Sasa nisikilize mwanangu. Watu wanasema unaogopa."

Upande wa pili kijana aliuliza kitu.

"Watu. Watu tu. Gaétan, kila mtu." Kijana akauliza tena. "Mimi? Mimi nasema..." Léandre akakuna kidevu. Macho yake yalikwenda kwa mkewe kana kwamba maneno yangetoka kule, lakini yeye aliona mgongo tu. "Mimi nasema mgonge mtu. Mara moja tu. Mmoja, mkubwa, mbele ya kila mtu, uwafunge midomo. Wewe si mwoga. Nionyeshe."

Alisikiliza, kisha akashusha simu.

"Kasemaje?" Ghislaine aliuliza bila kugeuka.

"Kasema sawa, Baba."

Mkononi mwa Ghislaine kulikuwa na sahani. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: mtoto mgonjwa, Léandre, mpigie tena. Ilikuwa fupi. Lakini akaifikiria sauti ya Loïc ikimwuliza, Mama, uliniahidi, na akafikiria kwamba duniani hakuna mwingine ambaye kijana yule anamwambia kitu chochote, na kwamba akimpoteza mama yake naye atabaki hana mtu. Akaifuta ile sahani mpaka ikang'aa, akaiweka kabatini.

Baadaye alijifungia bafuni akampigia Loïc mwenyewe. Simu iliita, haikupokelewa. Ukaja ujumbe: *Usijali Mama. Nitakuwa mwangalifu.*

*

Ijumaa mchezo ulionyeshwa kwenye televisheni, na Pierrette aliacha mgahawa wazi, akakaanga chipsi za kumwagia jibini na mchuzi. Mgahawa ukajaa makoti, mvuke na harufu ya sufu iliyolowa. Léandre alikuwa kwenye kiti chake cha katikati. Alishtuka mlango ulipofunguka akamwona mkewe. Ghislaine hakuwa mtu wa mgahawa. Hakutaka kuketi, wala hakuvua koti. Alisimama kando ya mlango, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mama Loïc! Leo umetuheshimu," Gaétan akamwita. "Njoo nikupishe."

"Niko sawa hapa."

Robo ya kwanza ya saa Loïc alicheza kwa adabu, na minong'ono ikaanza. Mara akapitwa tena kando ya ukuta, na mtu akasema, "Viatu acha mlangoni!" Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba mama mtu yupo, wakakohoa.

Kipindi cha pili, kile kisahani cheusi wanachokigombania kiliteleza kuelekea kona. Mshambuliaji wa upande wa pili, jitu lenye jezi nyekundu la huko Ontario, lilikifuata likiwa limeinamisha kichwa. Loïc alitoka upande wa mbali. Hakupunguza mwendo. Walioujua mchezo walimwona kabla hajafika, wakaanza kuinuka kwenye viti.

Kishindo kilisikika mpaka kwenye televisheni ya Pierrette.

Mgahawa ulilipuka. Kahawa zilimwagika. Gaétan alimkumbatia Léandre shingoni, akambusu upara. "Huyo! Huyo ndiye mtoto wangu wa basini! Nani amesema kaoza? Nani?"

"Wewe!" wakamjibu kwa pamoja.

"Naomba radhi mbele ya umma! Bei imepanda! Waambieni Montreal bei imepanda, hauzwi tena!"

Léandre alikuwa anacheka na machozi yanamlengalenga. Kwenye kioo, jitu jekundu lilikuwa linainuka likijipangusa. Loïc naye aliinuka. Alipepesuka hatua moja, akaiokota fimbo yake, akateleza polepole kwenda kukaa kwenye benchi. Akafungua kijimlango kidogo. Wachezaji waliokuwa wamekaa pale walimtazama kwa mshangao. Mmoja akamwekea mkono kifuani, kwa upole, kama mtu anayemzuia mgeni aliyekosea nyumba. Jezi zao zilikuwa nyekundu.

"Kaenda kwa wapinzani!" mtu akapiga kelele. "Kalewa utamu!"

Kicheko kikapanda, kikaning'inia, kikakatika. Kamera ilikuwa imemsogelea. Kijana alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, anawatazama wachezaji mmoja mmoja usoni, anatafuta anayemjua. Kisha akaporomoka kwenye barafu.

Mafuta ya chipsi yalikuwa yanaunguruma jikoni. Ghislaine hakupiga kelele. Alisema tu, "Léandre, washa gari," na watu wakapisha njia mpaka mlangoni, wakitazama sakafu.

*

Daktari wa timu alipiga simu kabla hawajatoka mjini: kijana yuko hospitali, ameamka, ametaja jina lake, anamulikwa macho kwa taa, waje lakini wasikimbie. Walikwenda. Barabara ya kusini inapita katikati ya msitu wa hifadhi, saa nyingi bila nyumba wala taa, theluji ikija kwenye kioo. Kila baada ya muda kulikuwa na kibao cha kuonya juu ya paa wakubwa wanaovuka.

Walikuwa wamekwenda mbali sana ndipo Léandre akasema, "Ni mimi."

Ghislaine akafuta mvuke kwenye kioo.

"Nilimwambia agonge mtu. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Léandre." Alikuwa anatazama mbele. "Kichwa chake kilikuwa kibovu tangu Novemba. Anatapika. Anasahau. Ile miwani ya Krismasi haikuwa mtindo."

Gari likapunguza mwendo lenyewe, kwa sababu mguu wa Léandre ulikuwa umeondoka. Wakasimama kando ya barabara, taa za hatari zikiwaka na kuzimika juu ya theluji.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Novemba."

"Alinikataza."

"Siku ile nampigia simu. Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako, na sahani mkononi."

"Ukaniacha nimwambie."

"Nikakuacha."

Léandre alitaka kumpiga mtu na hakukuwa na mtu. Akashuka garini. Ghislaine alimwona kwenye mwanga wa taa, amesimama kwenye theluji inayomfika magotini, bila kofia, ameielekea miti. Alifikiri atapiga kelele. Badala yake alikaa hivyo mpaka nywele chache alizo nazo zikawa nyeupe, kisha akarudi, akafunga mkanda.

"Kwa nini wewe akuambie, na mimi asiniambie?"

Ghislaine alilifikiria swali lile kwa uaminifu. "Kwa sababu mimi sijui hoki," alisema.

*

Walimkuta katika chumba kilichofungwa mapazia. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya macho. Uso ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililomtisha Léandre zaidi. Angeona damu angejua pa kushika.

"Mmekuja na nani?" Loïc aliuliza.

"Sisi wawili tu," mama yake akasema.

"Nimemgonga vizuri?"

Ghislaine akamgeukia mumewe. Miaka yote Léandre alikuwa na jibu la swali la namna hiyo: bega lilikuwa chini vizuri, mwendo ulikuwa sawa, wakati mwingine usiinue kiwiko. Alikuwa na maelfu ya majibu hayo, na ndiyo mazungumzo pekee aliyowahi kufanya na mwanawe.

"Sijui," alisema.

Asubuhi alikuja daktari mwanamke, akawaeleza kwenye korido, bila kuzungusha. Hakuna kucheza tena. Si msimu huu tu, kamwe. Kuhusu mwanga, kelele, kumbukumbu, huenda vikarudi polepole, huenda vingine visirudi. Alikuja pia kijana wa ofisi ya timu, amevaa suti, mstaarabu, akasema kila mtu kule anamwombea Loïc. Aliposhikana mkono na Léandre alimwita Bwana Boldoc. Kisha akarudia, akakosea tena.

Mama alipokwenda kutafuta kahawa, Léandre aliketi kitandani, pembeni kabisa.

"Loïc. Ile simu."

"Baba, tafadhali."

"Nataka kukuomba..."

"Usiniombe msamaha." Alisema bila hasira, mkono bado juu ya macho. "Ukiniomba itabidi nikusamehe, na sasa hivi sina nguvu hizo. Niache kwanza."

Léandre akamwacha. Alikaa pale akiitazama mikono ya mwanawe iliyolala juu ya shuka, vidole vilivyovunjika na kuungwa. Aliijua historia ya kila kidole, ni mchezo gani na dhidi ya nani. Hakujua kama mtu huyu hulala ubavu gani, wala kama ana msichana, wala kama anamwamini Mungu.

*

Walimrudisha nyumbani, akawekwa katika chumba chake cha zamani, pazia zito, mlango umefunikwa matambara pembeni ili sauti zisipite. Wiki za kwanza watu walileta vyakula. Gaétan alileta chupa ya asali ya utomvu wa mti, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Mwambie wa basini amekuja," akaondoka kabla hajakaribishwa. Yvon aliahidi kuja kumkata nywele nyumbani, akaja mara moja. Baadaye hawakuja tena. Haikuwa ubaya. Walikuwa wamezoea kumwuliza atacheza lini, na swali hilo likiondolewa hawakuwa na jingine.

Ndani ya nyumba watatu hao walitembea kwa soksi. Ghislaine alipunguziwa zamu, akakaa na mwanawe saa nyingi gizani, na mara nyingine kijana alikuwa akilia, mara nyingine akimwambia, "Mama, nenda nje ukapumue." Loïc hakumlaumu. Hilo Ghislaine alilisubiri kila siku, na kila siku lisipokuja lilimwelemea zaidi. Yeye na mumewe walilala kitanda kimoja. Maneno yao yalikuwa ya dawa, ya chumvi, ya nani aondoe theluji mlangoni.

Aprili barafu ya mtoni ilipoanza kupasuka, Léandre aliingia tena kwa Pierrette. Meza ilikuwa ile ile. Katikati alikuwa amekaa mtu mwingine, akataka kuinuka. Léandre akamwashiria akae, akavuta kiti cha mwisho, karibu na makoti.

"Loïc anaendeleaje?" Gaétan akauliza.

"Anaendelea."

"Vizuri. Vizuri sana."

"Jana alikula mezani na sisi."

"Ee, vizuri," Yvon akasema.

Wakanywa kahawa. Kila mmoja alilitafuta neno la kuongeza, na lilipokosekana, macho yakaanza kurudi kidogo kidogo kwenye gazeti lililokuwa mezani. Timu ilikuwa imenunua beki mpya, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Saskatchewan.

"Mimi nasema wamepigwa," Gaétan akaanza, kwa sauti ya chini kwanza. "Mrefu, sawa. Lakini miguu mizito. Mtazame anavyogeuka. Meli inageuka haraka kuliko yule."

"Mpe muda," Yvon akasema.

"Muda! Mimi ningemrudisha kesho, na risiti yake. Hana thamani ya..."

"Anaitwa nani?" Léandre aliuliza.

Gaétan akatazama gazeti. "Hm. Kowalchuk. Kitu kama hicho."

"Jina lake la kwanza."

"Hawakuandika." Gaétan akamtazama rafiki yake, uso ukimbadilika. "Léandre, tunaongea tu, bwana. Unajua sisi. Tunaongea tu."

"Najua," Léandre akasema. "Na mimi niliongea."

Akaweka kikombe, akavaa koti lake lililokuwa karibu, akamuaga Pierrette. Alipofika dirishani kwa nje aliona midomo ya Gaétan ikianza tena kutembea, taratibu.

Nyumbani alimkuta Loïc amekaa kwenye ngazi za nyuma, nje, mara ya kwanza tangu alipoletwa. Amevaa miwani myeusi na koti la mama yake. Maji ya theluji yalikuwa yanatiririka kutoka paani. Dirishani Ghislaine alimwona mumewe akija, akasogea nyuma ya pazia asionekane.

Léandre akaketi ngazi ile ile, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Alipekua kichwani kitu cha kusema. Hali ya hewa ilikuwa inaonekana. Mto ulikuwa unasikika.

"Mwanga hauumizi?"

"Kidogo. Nitaingia sasa hivi."

Wakakaa. Kisha Loïc, bila kugeuza kichwa, akauliza, "Baba, kule kiwandani. Wewe unafanya nini hasa?"

"Niko kwenye msumeno."

"Najua uko kwenye msumeno. Nauliza unafanya nini."

Léandre akageuka akamtazama kama anataniwa. Kijana hakuwa anatania. "Gogo linakuja," alisema. "Kwenye mnyororo. Linakuja na maganda yake. Mimi nalilaza, nalitazama, halafu naliachia."

"Halafu?"

"Linapasuka. Mbao zinakwenda huku, maganda kule."

"Halafu?"

"Halafu linakuja jingine."

Loïc alitikisa kichwa polepole. "Ulitaka kazi hiyo?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mkewe hakumwuliza, mgahawa haukumwuliza, yeye mwenyewe hakujiuliza. Léandre alitazama mikono yake.

"Sijui nianzie wapi," alisema.

"Popote. Ila sema taratibu."

Akasogea kidogo, akaanza tangu siku ya kwanza alipoingizwa kiwandani na mjomba wake, kwa sauti ya chini isiyoumiza kichwa. Alikuwa akipotea katikati, anarudi nyuma, anasahau majina ya watu aliofanya nao kazi nusu ya maisha yake. Mara mbili alikatiza akidhani kijana amelala nyuma ya miwani ile. Mara zote mbili Loïc alisema, "Nakusikia," naye akaendelea.